Mshahara wa Kulimiwa

Nilipigwa nyahunyo mbele ya darasa langu kwa sababu ya mshahara ambao haukuwa wangu. Walionipiga walikuwa walimu wenzangu, na aliyeshika nyahunyo ndiye aliyenifundisha kusoma. Siku hizi watu wakibishana kama walimu wanalipwa haki yao au hawalipwi, mimi hunyamaza kwanza. Mgongo huanza kuniwasha kabla mdomo haujafunguka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, upande wa Nuu, katika shule ya msingi iliyokuwa na madarasa mengi kuliko walimu. Mimi nilikuwa mwalimu wa wazazi. Maana yake ni kwamba serikali haikunijua. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, chuo sikwenda, na shule ilipokosa mtu wa kufundisha darasa la nane Kiingereza na sayansi, kamati ya wazazi iliniita ikaniuliza kama naweza. Nikasema naweza. Wakaniambia pesa hawana, na hilo nilikuwa nalijua, maana mbuzi wao nilikuwa nawaona wakipita mbavu nje.

Walichokuwa nacho ni mikono. Kwetu Ukambani akina mama hulimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na kikundi hicho tunakiita mwethya. Tukakubaliana hivi: mimi nitawafundishia watoto, na kila msimu, kabla mvua haijafika, mwethya italima shamba langu lote na kulipanda. Nilisamehewa kwenda kwenye mashamba ya wenzangu kwa kuwa nilikuwa darasani. Lakini kulikuwa na sheria moja isiyomsamehe mtu. Siku ya shamba lako, wewe mwenyewe ndiye unayeshika mstari wa kwanza. Usipoonekana, hakuna jembe linaloinuliwa. Watapiga filimbi, watakufuata popote ulipo, na watakutoza kitu: sufuria, kuku, hata kanga uliyovaa.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama yangu. Mahindi, pojo na kunde tulizokula mwaka mzima zilitoka kwenye shamba hilo. Hivyo ndivyo nilivyolipwa, na kwa miaka michache nililipwa vizuri.

Halafu ukaja mgomo wa walimu nchi nzima. Ulikuja mwezi wa Oktoba, wakati sisi tunaangalia mawingu na darasa la nane linahesabu wiki za mtihani. Naibu wa mwalimu mkuu alinijia jikoni mwa shule nikipasha chai. Huyu ndiye niliyesema alinifundisha kusoma. Alinifundisha pia kuogopa, kwa sababu mimi ni mtu wa mkono wa kushoto, na nilipokuwa darasa la pili alinichapa vidole vya mkono huo kwa upande mwembamba wa rula mpaka kucha moja ikawa nyeusi ikang'oka. Sikubadilika mkono. Nilibadilika moyo tu.

"Kesho tunafunga shule," akaniambia. "Na wewe pia funga."

"Mwalimu, mimi sina mshahara wa kugomea."

"Hiyo si maneno. Ukifundisha, huko Nairobi watasema shule ziko open. Utatuharibia."

Nataka niseme ukweli wake, ingawa simpendi. Alikuwa na haki. Alikuwa amefundisha tangu mimi sijazaliwa, na bado soli za viatu vyake zilishikwa kwa waya. Mkewe alikuwa akichoma makaa ili watoto wao waende sekondari. Nilimwona mara nyingi akisahihisha madaftari huku akitafuna mahindi ya kuchoma, kwa kuwa hicho ndicho kilikuwa chakula chake cha mchana. Mtu kama huyo akisema alipwe, utamwambia nini? Mimi nilimwambia nitafikiria.

Mwenyekiti wa mwethya hakunipa nafasi ya kufikiria. Alikuwa mama mrefu, mwenye mikono mizito, na binti yake alikuwa katika darasa langu. Alinipata njiani akaniambia, "Wale wanagombana na serikali. Wewe haukuandikwa na serikali. Uliandikwa na sisi. Watoto watakaa mtihani na vichwa tupu?"

Nikasema, "Hapana, mwaitu." Mwaitu kwetu ni mama, na yeye hakuwa mtu wa kukataliwa.

Kwa hiyo nilifundisha. Mkono mtupu haulambwi, na mikono ya wale akina mama haikuwa mitupu kwangu.

Sasa ndipo nilipokosea hesabu, na ni kosa ambalo hata mgeni asingelifanya. Siku ya shamba langu iliangukia katikati ya mgomo. Niliamka nikaangalia jembe langu, nikaangalia chaki. Nikajiambia, leo watanielewa. Ninafundisha watoto wao wenyewe, peke yangu, shule nzima imefungwa. Watanianzia mstari. Nikaliacha jembe mlangoni nikaenda shuleni. Mama yangu aliniita jina langu mara moja tu, kwa sauti ya kunikanya, nikajifanya sijasikia.

Walikuja saa za mapumziko. Kundi la walimu, wa kwetu na wa shule za jirani, wameshika matawi ya miti na wanaimba. Walikuwa wakipita shule hadi shule kuhakikisha hakuna anayefundisha. Mbele alikuwa naibu, na mkononi alikuwa na nyahunyo yake ya kulimia, ile ya ngozi aliyowachapia maksai wake msimu wote. Niliitambua. Kila mtu wa pale aliitambua kwa mlio wake.

"Toka nje," akasema akiwa mlangoni.

Nilikuwa nimeandika nusu ya sentensi ubaoni. Nikamalizia ile nusu. Mpaka leo sijui kwa nini nilifanya hivyo, labda kiburi.

Nyahunyo ilinipata shingoni, ikazunguka ikanilamba taya. Sikulia. Nilishangaa tu kwamba kitu chepesi kama kile kinaweza kuwa na uzito. Pigo la pili lilinipasua blauzi mgongoni. La tatu lilinikuta chini, kwa sababu mwalimu mwingine alikuwa amenivuta mguu, na kichwa changu kilikuwa kimegonga pembe ya dawati. Watoto walikuwa wakiruka madirishani. Mmoja alining'inia kwa shati lake kwenye msumari akipiga mayowe. Nilisikia vumbi na damu mdomoni, na juu yangu nilisikia naibu akihema na kusema, kwa kila pigo, "Msaliti. Msaliti." Alinichapa kwa mpangilio uleule wa zamani, pigo na neno, pigo na neno, kama ananifundisha herufi.

Nilimchukia. Chuki ile ilikuwa safi, haikuwa na kitu kingine ndani yake. Ningekuwa na kisu ningekitumia.

Ndipo filimbi ikalia.

Nilijua filimbi ile ni ya nani, na ilikuwa imekuja kwa sababu gani. Akina mama walikuwa wamengoja kwenye shamba langu mpaka jua likawachoma. Mwenye shamba hayupo. Wakaweka majembe begani, wakaja shuleni kunitoza. Walikuja wakiimba wimbo wao wa kumcheka mvivu, na jina lililokuwa ndani ya wimbo ni langu. Walikuwa na hasira na mimi. Kisha waliingia uwanjani wakaona hasira ya watu wengine imewatangulia.

Wimbo ulikatika.

Mwenyekiti hakuuliza swali. Aliingia darasani akageuza jembe, akampiga naibu mkono wa kulia kwa mpini. Mfupa ulilia, nikausikia nikiwa sakafuni. Alipiga tena palepale. Nje, akina mama waliwavamia walimu kwa mipini, kwa mawe, kwa meno. Mwalimu mmoja kijana aliyekuwa akivaa tai hata siku ya mgomo alivutwa kwa tai hiyo mpaka macho yakamtoka. Mwingine alijitupa juu ya ua wa manyara akatokea upande wa pili utomvu umemwingia machoni, akakimbia akiwa kipofu akagonga choo. Walimu wale walikuwa na njaa na akina mama wale walikuwa na njaa, na walipigana kama watu wanaogombea mfupa mmoja. Nasi husema fahali wawili wakipigana nyasi ndizo huumia. Siku hiyo fahali sikuwaona. Niliona nyasi tu, zikipigana zenyewe.

Vumbi lilipotulia, mwenyekiti alinisimamisha. Alinipangusa damu kwa leso yake. Kisha akaniuliza, bila kupunguza sauti, "Na wewe, kwa nini haukuja kwa shamba yako?"

"Nilikuwa nafundisha, mwaitu."

"Si ungetuambia? Watu ishirini wanakungoja kwa jua kama wajinga?"

Jioni hiyo walipitia kwetu wakachukua jogoo wetu. Sheria ni sheria. Mama yangu alikuwa akinikanda mgongo kwa maji ya chumvi, na hakuinuka hata kuwazuia. Walipoondoka alisema, "Wanaolipwa na serikali wamekupiga. Wanaokulipa wamekula jogoo. Wewe hasa ni mwalimu wa nani?" Chumvi ilikuwa ikiniunguza, nikalia kwa mara ya kwanza.

Kesho yake chifu alikuja na askari. Mwenyekiti na wenzake walikamatwa, wakalala ndani, wakatolewa na onyo: watu wasionekane tena wakitembea pamoja na majembe mpaka mgomo uishe. Mwethya ikavunjika hivyo. Kila mama akajifungia kwenye shamba lake. Nilijaribu kulima peke yangu, lakini mgongo ulikataa kuinama, na vidonda vilifunguka kila nilipoinua jembe. Nilikaa kwenye kivuli cha ghala tupu nikitazama ardhi yangu ngumu na mawingu yanayojikusanya. Darasa la nane lilikuwa linakuja nyumbani kwangu kusoma, wameketi chini. Niliwafundisha kwa sauti ya mtu anayejua hatakula.

Mvua ya kwanza ilipiga usiku kucha. Kwetu mvua ile haingoji mtu. Ukipanda siku hizo utavuna, ukichelewa utavuna mabua.

Asubuhi nilisikia kengele za maksai langoni. Alikuwa naibu. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye plasta, umefungwa shingoni. Nyuma yake mkewe alishika plau.

Mama yangu alitoka jikoni na mwiko. Mimi nilitafuta jiwe kwa macho.

"Nimekuja kulima," akasema.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu." Alitazama shamba, hakunitazama mimi. "Mimi strike ikiisha nitapata salary. Kidogo, lakini nitapata. Wewe mvua hii ikipita, umefutwa kazi."

Mkewe alisema, kwa sauti ya chini, "Alikuja nyumbani na damu yako kwa nyahunyo. Nilimwambia hiyo kitu haitalima shamba yangu kabla ilime yako."

Kulima kwa maksai kunataka watu. Mmoja awaongoze mbele kwa kamba, mmoja ashike plau, mmoja atembee ubavuni na nyahunyo. Kamba angeweza kuishika kwa mkono mmoja. Plau ilikuwa ya mkewe. Alinyoosha mkono wake mzima, akanipa nyahunyo.

Nilisimama nayo. Ngozi ilikuwa imelowa, na ilinuka ng'ombe.

"Kama unataka kunipiga, piga," akasema. "Lakini piga saa hii, udongo usikauke."

Akanigeuzia mgongo akashika kamba. Shati lake lilikuwa jembamba, nilihesabu mifupa ya uti wake chini ya kitambaa. Mama yangu alikuwa tayari ameshika kibuyu cha mbegu. Wote walikuwa wakinisubiri, pamoja na ng'ombe.

Niliishika nyahunyo kwa mkono wa kushoto, mkono uleule wa ile kucha. Alikuwa amegeuza kichwa kidogo, akauona.

Nilimchapa maksai. Tulilima mpaka jua likaondoka, mama akidondosha mbegu nyuma ya plau na kuzifukia kwa mguu. Kila nilipoinua mkono, mabega ya yule mtu mbele yangu yalipanda mpaka masikioni, na nyahunyo ilipoangukia ng'ombe yalishuka. Yalipanda na kushuka siku nzima. Ningeweza kuwachapa maksai kidogo kuliko nilivyowachapa. Nilitaka ayasikie mapigo yote.

Mgomo uliisha, nyongeza ikatangazwa redioni, ikaja kipande ikakwama, na walimu wakaanza upya kunung'unika. Walikuwa na haki wakati huo pia. Mimi niliendelea kuwa mwalimu wa wazazi. Mwaka huo tulivuna pojo mpaka tukaazima magunia, na mama akanunua jogoo mwingine.

Katika miaka yangu yote ya kushika chaki, huo ndio msimu pekee niliolipwa chote nilichokuwa nikidai.