Tone la Dawa ya Kupe

Wenzake wa maabara walimwita Mama Matangi, naye akaitika tu, maana miaka kumi na tisa ya kulisha samaki wa majaribio si mchezo. Chumba chake kilikuwa na mwanga wa kijani na mngurumo mdogo wa pampu, na mtu akikaa humo kwa muda husahau kama yuko macho au amelala. Yeye alisahau kila asubuhi, wala hakujuta.

Chumba chake cha pili kilikuwa cha panya. Mwezi mzima panya hao walilishwa dawa mpya ya kuua kupe, dozi za kutisha, na bado wakanenepa na kulala chali bila wasiwasi. Mama Matangi akawaona, kichwa kikamvimba. Mabaki ya chupa moja akayatia mkobani kimyakimya, akampelekea dada yake mkubwa, mfuga mbuzi.

"Haitawadhuru?" dada aliuliza.

"Panya wangu wameinywa kama maji. Mbuzi wa kupakwa mgongoni tu atapata nini?"

Kuhusu kuosha ndoo ya kuchanganyia dawa hakusema neno. Na kwa dada kila ndoo huoshewa kwenye kibwawa cha nyuma ya nyumba, kile cha samaki waliosomesha watoto wanne.

Jumatatu ikafika zamu ya samaki. Daktari, bosi wake, mtu mpole wa miwani, alidondosha tone la dawa kwenye tangi moja, la jirani akaliacha na maji matupu. Mwanzoni samaki waligeukageuka polepole, kwa madaha, na Mama Matangi akawatazama huku mawazo yakimpeleka mbali. Kisha wakapanda juu wote, midomo wazi. Saa nne ilipofika, tangi lile halikuwa na aliye hai. Wa tangi la jirani walikuwa wanacheza.

"Lakini panya walipewa nyingi kuliko hii," alisema.

"Panya alimeza, mama. Ini lake likaivunjavunja upesi, akaikojoa. Ini la samaki ni zito kwa kazi hiyo. Halafu yeye haimezi tu, inamwingia kwenye matamvua kila anapopumua. Anaishi ndani ya dawa."

Miaka kumi na tisa, mkono huu panya, mkono huu samaki, na hakuwahi kujiuliza kwa nini vyumba ni viwili. Aliona haya mpaka masikio yakawaka. Akatoka koridoni, akapiga simu.

"Dada, ile dawa umeshaitumia?"

"Alfajiri ya leo. Kupe wanapukutika, mbuzi wazima kabisa. Mungu akuzidishie, mdogo wangu."

"Na ndoo umeiosha wapi?"

"Ningeiosha wapi tena? Bwawani, na mabaki nikayamwaga humo humo." Dada akacheka. "Hawa samaki nao leo wamenichangamkia. Wamekuja juu wote, midomo wazi, utadhani wananisalimu. Nimekaa hapa ukingoni nawatazama, hata kazi zimenishinda."

Mama Matangi akaegemea ukuta. Kwenye simu alisikia maji yakipigapiga taratibu, na dada yake akiwasemesha samaki kwa sauti ya kubembeleza, kama anavyosemeshwa mtoto mchanga.

"Dada," alisema, "hawakusalimii. Nimekuulia samaki."