Sparadra ya Mama

Siku ya mwisho ya matanga ya mama, baba mdogo aliweka ampli ya kanisa, ile mashine ya kukuza sauti, juu ya meza yetu ya kulia, uani kwetu Ngezi. Alikuwa fundi wa umeme kwenye mgodi wa Bambu. Kando yake akaweka radio-kaseti ya mama, na ndani mwake kaseti moja tu tuliyokuwa nayo yenye sauti yake, akiimba jikoni mwanzoni mwa miaka ya themanini.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya mama mdogo. Alifika kutoka Mahagi siku mbili baada ya maziko, na lori lake lingeondoka saa nane. Uso wa dada yake ulikuwa umempita, sauti isimpite. Lakini masikio yake yalikuwa mazito, na spika ya radio ilikuwa inanong'ona tu. Kwa sababu ya unong'ono huo mama alikuwa amezungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, akakibandika na sparadra, ile nyeupe ya kufungia vidonda, asikishushe mtu.

Mimi sikulia. Tangu mama afie hospitalini nilikuwa kama mguu ulioingia ganzi.

Baba mdogo alichomeka waya kwenye tundu la kisikilizio cha masikioni kwenye radio, akaupeleka kwenye ampli, akabonyeza. Kilichotoka kilikuwa mlio wa bati linaloburutwa juu ya mawe. Kuku walikimbia.

"Ampli hii inaimbishaka parokia nzima," alijitetea.

"Leo iko inalia sawa mbuzi," akasema mama mdogo. "Kule Bambu munachimbua dhahabu, lakini sauti ya dada yangu inawashinda?"

Baba mdogo akabadilisha nyaya, akazikwangua kwa kisu. Akapunguza ampli; kelele ikawa ndogo, ikabaki kelele. Lori likapiga honi barabarani.

Nilijua. Radio, kitufe kikiwa mwisho, ilikuwa inapayuka kabla sauti haijafika kwenye ampli. Nikanyoosha mkono kwenye kitufe.

"Acha," baba akasema. "Aliibandika yeye."

Mama mdogo akamgeukia. "Shemeji, nilikuja kusikia dada yangu ama sparadra?"

Baba akasogea kando. Nikaibandua kwa ukucha, nikarudisha kitufe chini ya nusu; baba mdogo akapandisha ampli.

"Fungeni mulango," mama akasema kutoka kwenye kaseti, sauti yake kubwa kuliko nyumba, "kuku inaingia!"

Watu wakacheka. Kisha akaanza kuimba, na mama mdogo, macho yamefumbwa, akaingia chini yake kwa sauti ya pili, bila kutafuta. Honi ikalia tena. Hakuinuka mpaka wimbo ukaisha.

Yeye alilia. Baba alilia. Mimi niliiangalia sparadra: upande wa gundi ulikuwa na vumbi la unga wa muhogo. Nikaizungushia kidole changu kisicho na kidonda, nikaanza kukunja nyaya.