Nusu Kifuniko

Shangazi yangu hakuwa mjinga, na nitagombana na yeyote anayesema hivyo. Alirudi kwetu na begi moja baada ya miaka ishirini ya ndoa, akapewa chumba cha stoo, akalala kati ya magunia bila kunung'unika. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alimwonyesha kiwanja cha nyuma ya nyumba.

"Msimu mmoja tu, dada. Ukitoa matenga arobaini ya nyanya, kiwanja ni chako. Yakipungua, najenga vyumba vya kupangisha."

"Basi katafute kiwanja kingine mapema, kaka," shangazi alimjibu, akacheka.

Siku ya kuhamisha miche tulishinda pale wawili. Yeye alichimba mashimo, mimi nilifuata nyuma na mbolea ya kupandia, nikipima kwa kifuniko cha soda: kimoja kwa kila shimo, udongo kidogo juu yake, ndipo mche. Tulipomaliza mstari wa kwanza aliutazama mfuko, akaniambia nipunguze niwe natia nusu. Nusu nyingine tungeitia miche ikianza maua.

"Mtoto mchanga hashibishwi kwa siku moja," alisema. "Haba na haba, mwanangu."

Niliona ana busara. Nikatii.

Wiki ya tatu miche ilikuwa imedumaa, majani yake yamegeuka zambarau kwa chini. Mstari wa kwanza tu ndio uliochangamka. Shangazi alisema ni baridi, kisha akasema ni ugonjwa, akapuliza dawa mara mbili. Maua yalipotoka, machache na yamechelewa, tulinyunyiza ile nusu iliyobaki juu ya udongo, tukamwagilia mpaka migongo ikauma. Hakuna kilichobadilika.

Bwana shamba alipopita, aling'oa mche mmoja wa mstari wa sita. Mizizi ilikuwa michache, myembamba kama uzi. Akautazama mstari wa kwanza, akauliza pale tulifanya nini. Nikamweleza.

"Hii mbolea haitembei, mama," alimwambia shangazi. "Ukiiweka juu, inabaki juu. Mzizi unaitaka ukiwa bado mchanga, tena palepale chini. Sasa hivi hata ukimwaga mfuko mzima, umeshachelewa."

Shangazi alikaa chini kwenye udongo na sketi yake safi. Sijawahi kuona mtu akiumia kimya vile, nami nilijichukia, kwa sababu mkono uliopima nusu ulikuwa wangu.

Tulivuna matenga kumi na mawili. Manne yalitoka mstari wa kwanza peke yake. Mistari kumi na mmoja iliyobaki iligawana manane. Piga hesabu mwenyewe ujue tungepata mangapi. Mimi nilishapiga, sitaki tena.

Baba alikuja asubuhi na mafundi wawili. Alichuma nyanya iliyosalia kwenye mstari wa kwanza, nyekundu, imejaa kiganja, akaila akiwa amesimama, akajifuta kidevu.

"Kumbe unaweza, dada," alisema, na alikuwa anamsifu kweli.

Kisha akawaonyesha mafundi pa kuanzia. Kigingi cha kwanza walikigongelea kwenye mstari ule ule, na aliyewashikia kamba ni shangazi.