Ukuta wa Bhikari

Tangu Digambar Pattajoshi agombee kwa mara ya kwanza, enzi zile za baiskeli na kandambili, aliyemchorea kuta ni Kulamani. Alichora ngoma, alama ya chama chao, kuanzia stesheni mpaka mtoni, nyingine bure kabisa. Digambar akapanda: mbunge katika bunge la jimbo la Odisha, huko India, kisha waziri wa umwagiliaji. Maji yenyewe kijijini hayajafika hadi leo.

Huko, uchaguzi ukikaribia, chama hupaka ukuta chokaa, kikaandika "Umeshawekwa", yaani una mwenyewe, na chama kingine hakiugusi. Mwaka mmoja watu wa chama cha Ufunguo waliugusa. Walikuja kufuta ngoma ukutani kwa Kulamani, mdogo wake Bhikari akawazuia, wakampiga marungu akafia palepale. Digambar alikuja msibani, akalia kwa kwikwi, akamwapia mjane, Sukanti, kwamba wauaji watafungwa. Hakufungwa hata mmoja!

Baadaye mheshimiwa akahamia chama cha Jembe. Akachoka, akahamia Mtungi. Kila mara Kulamani alifuta akachora upya, roho ikimuuma. Ukuta wa Bhikari tu ndio aliouacha na ngoma yake.

Juzi redio ikatangaza: Digambar kaingia Ufunguo, na uwaziri kapewa. Mtu mzima, haya hana! Jioni akaja mwenyewe, akaketi barazani, akanywa chai, akasema ukuta ule unaonekana vizuri kutoka barabara kuu, hivyo uchorwe ufunguo kabla ya mkutano wa kesho.

"Ukuta huu huu, mheshimiwa?"

"Siasa haina kinyongo, mdogo wangu. Hata Bhikari angenielewa."

Angekuelewa! Kulamani akawaza kwa hasira. Sukanti akalichukua birika, akaingia nalo ndani. Kulamani akasema sawa, atachora.

Asubuhi msafara ukasimama, watu wamejaa. Ukutani palikuwa na ngoma na mwaka wake, jembe na mwaka wake, mtungi, kisha ufunguo, rangi bado mbichi. Chini ya ufunguo Kulamani kaandika jina la Bhikari na siku aliyouawa. Mwishoni kaacha nafasi nyeupe: "Umeshawekwa kwa chama kijacho cha mheshimiwa Digambar."

Watu wakaangua kicheko. Digambar akafoka ufutwe sasa hivi. Vijana wake wakasogea na ndoo ya chokaa, ndipo Sukanti akatoka, akasimama pale pale alipoangukia mumewe.

"Waache watoto wa watu," akamwambia Digambar. "Njoo ufute wewe."