Nesi Ananiita Mama Candiru kwa Heshima, na Moyo Wangu Unachemka

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze, nimeyameza ya kutosha. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita. Kwetu ni Ayivu, upande wa Arua, nimeolewa Koboko, tunalima mihogo na maharage. Nina binti wa miaka mitatu na mimba ya miezi minane, na hiyo mimba ndiyo inanifanya niandike.

Huyo binti nilimzaa kwenye kituo cha afya cha hapa Koboko. Uchungu ulinishika asubuhi shambani, mume wangu akanikimbiza kwa boda, na kwa haraka ile nikasahau nyumbani plastiki ya kutandika kitandani. Nesi mmoja, nitamwita Sista tu, alinitazama toka utosini hadi unyayoni. "Plastiki iko wapi? Hakuna? Basi kitanda yangu huchafui. Zaa hapo chini." Nikadhani anatania. Jamani, nilizaa kwenye simenti! Nilipolia akanichapa kofi la paja: "Siku ya kulala na mzee yako ulilia hivi?" Damu ilinitoka nyingi. Na bado, hata mtoto sijamwona vizuri, nikatupiwa tambara nipanguse damu yangu mwenyewe. Nikapangusa, nimepiga magoti, wenzangu wananitazama.

Mama yangu alipofika kutoka Ayivu na kusikia, hakugombana na mtu. Alimbeba mtoto akasema, "Huyu ni Candiru." Kwa Kilugbara ni taabu, mateso. Kwetu jina la mtoto linasema alikuta nini siku ya kuja. Sista ametoka mbali, Kilugbara hajui hata salamu.

Sasa mwaka huu wakaja watu wa mafunzo ya maigizo. Wanakusanya manesi na sisi akina mama, tunaigiza jinsi mzazi anavyotendewa wodini. Yeyote akiona ubaya anapaza sauti, "Simama!" Mchezo unakatika, anaingia yeye kuonyesha inavyotakiwa. Halafu wanatugeuza: nesi anakuwa mjamzito, mama anakuwa nesi. Mimi nikapewa unesi. Na mjamzito wangu akawa nani? Sista!

Alipolala pale kwenye mkeka akijifanya anagumia, mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Plastiki iko wapi? Hakuna? Basi kitanda yangu huchafui." Neno kwa neno, mpaka lile kofi la paja. Watu walicheka wakashika mbavu. Mama mmoja akapiga kelele, "Simama!" akaingia kunifundisha upole, mimi! Sista akainuka machozi yanamtoka, akanishika mkono, nikajua sasa ndiyo anaomba msamaha. Akasema, "Dada, wewe unajua kuigiza kabisa! Nimesikia uchungu kweli."

Kuigiza! Kweli mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Tangu siku ile amebadilika, sitasema uongo. Hafokei mtu, na plastiki ameweka akiba kwa anayesahau. Tena walifundishwa kumwita kila mama kwa jina. Basi nikifika kliniki anapaza sauti mbele ya foleni yote: "Mama Candiru, karibu mama, keti! Candiru wangu hajambo? Jina tamu hilo!" Jina tamu! Ananiita mama wa mateso aliyonipa mwenyewe, na meno yote nje. Nanyoosha mkono nipimwe presha, presha inapanda, halafu ananiuliza nyumbani kuna shida gani.

Mume wangu anasema, "Wewe iko na roho ngumu. Mutu amebadilika, unataka nini tena?" Nataka ajue! Alimlilia mama wa maigizo, mimi wa kweli hajaniambia hata pole. Mama yangu ananiita nikazalie Arua, lakini uchungu wangu ule ulikuja mbio, na nikikumbuka ile damu naogopa kushikwa njiani.

Wiki ijayo mafunzo yanarudi, na Sista mwenyewe ameomba niigize naye tena, eti mimi ndiye mkali wao. Watakuwepo viongozi na kijiji kizima. Nimepania tukifika kwenye plastiki nipaze "Simama!" mimi mwenyewe, niseme hapa hakuna mchezo, na nimweleze maana ya jina la binti yangu. Lakini mwezi ujao nitalala kwenye kitanda chake, na mkunga ni yeye tu. Nikimwaibisha, nitapokelewa na nani, huyu Sista wa sasa au yule wa zamani?

Nyinyi mliozaa, na nyinyi manesi mnaosoma hapa kimyakimya, semeni nami bila kunionea haya. Nimsimamishe mbele za watu, au niitike "Abee" kila akiniita, mpaka mtoto atoke salama? Nijibuni mapema. Candiru mmoja ananitosha, wa pili simtaki.