Kopo la Dawa ya Ng'ombe

Nakumbuka asubuhi moja ya masika pale Kilosa, mwanangu, nilipoingia kwenye kikao cha kamati ya nidhamu nikiwa na barua ya kumfukuza mtu kazi, nimekwisha kuiandika. Mtu mwenyewe alikuwa hajahojiwa.

Nilikuwa katibu wa kamati, kijana mwenye kalamu nyepesi. Mshtakiwa alikuwa Bwana Lameki, bwana mifugo wa Malolo, aliyebakiza miaka michache tu astaafu. Alidaiwa kuuza dawa ya serikali ya kuogeshea ng'ombe, akasimamishwa kazi. Ushahidi wetu ulikuwa kopo moja lililonunuliwa katika duka la mtu binafsi Mikumi. Zamani dawa ile ilitoka serikalini peke yake. Ukiikuta dukani, basi imeibwa. Ndivyo tulivyozoea kufikiri.

Mwenyekiti wetu, Mama Zaituni, Mungu amrehemu, aliisoma barua yangu taratibu, akavua miwani.

"Nani alimwona akiuza?"

"Malolo nzima inasema, Mama. Na lisemwalo lipo."

"Haya, iite hiyo methali ije iape hapa."

Wajumbe walicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Hii si kesi ya mauaji, mwanangu," akasema. "Sikudai ushahidi usiobakiza hata chembe ya shaka. Ila nionyeshe kwamba yaelekea zaidi kwamba aliuza kuliko kwamba hakuuza. Na ukitaka kumnyang'anya mtu kazi ya maisha yake, usije na kitu chepesi."

Akaahirisha kikao, akanituma Mikumi. Nilipanda treni nimenuna. Leo naitamani safari ile: mkonge dirishani, na behewa zima shikamoo na marahaba, hata kwa wasiojuana.

Mwenye duka alinicheka waziwazi. "Kaka, ulikuwa umelala? Biashara huria hii! Naagiza mwenyewe Dar es Salaam." Akanifungulia katoni tatu. Makopo yote yalifanana na letu, na hakuna hata moja lenye mhuri ambao serikali huupiga kwenye makopo yake. Letu nalo halikuwa nao. Nilikuwa nimelishika mara ngapi, nisiutafute!

Kamati ilimrudisha Bwana Lameki kazini. Nilimpelekea habari mwenyewe, nikamwamkia. Aliitikia, kisha akasema, "Katibu, si ungeniuliza tu?"

Madrasa nilifundishwa tangu utotoni kuiogopa dhana, kumshuku mtu bila hakika, na bado nilikuwa nimeitilia sahihi. Namshukuru Mungu kwa mama yule aliyenizuia, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanangu, ukikabidhiwa riziki ya mwenzio, mwambie kosa analodaiwa, umsikilize mwenyewe kabla ya majirani zake. Mtafute aliyeona, si aliyesikia. Na mizani ikikaa sawasawa, mwache mtu kazini kwake. Mola akujaalie ulimi wa kuuliza na moyo wa kungoja jibu. Na siku ukishtakiwa wewe, akuletee watu watakaokuuliza. Amina.