Vifungo Vitatu vya Bibi Sindano

Saa moja asubuhi, nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali, Bibi Sindano anavuta kiti mbele ya cherehani na kuanza kujisifu kabla hajamaliza kuitikia salamu.

"Hospitali nzima hakuna fundi anayenifikia!" Kisha anacheka. "Niko peke yangu."

Kwa miaka kumi na tisa ametia viraka mashuka na sare. Anatunga uzi bila miwani, huku akipiga soga, na unaingia mara ya kwanza.

"Nguo haina siri kwa fundi," anasema. "Mfuko wa koti hili unanuka sigara, na mwenyewe ndiye anayewakataza wagonjwa."

Mwaka jana mwanafunzi wa uuguzi alimletea sare isiyo na vifungo vitatu. Vifungo vyenyewe alivishika kiganjani.

"Imenasa kwenye kitanda, Bibi."

"Kitanda gani hicho chenye mikono?"

Binti akaangua kilio. Kifungo kilicholegezwa na kufuliwa huanguka chenyewe, kitambaa kikabaki kizima. Hivi viling'oka na kitambaa chake. Daktari anayesimamia mazoezi alikuwa amemwita stoo, akafunga mlango. Ndiye anayetia saini kitabu cha mazoezi. Bila saini yake, mwanafunzi hamalizi.

Ilikuwa sare ya tatu mwaka ule kutoka wodi ileile. Zile mbili za kwanza Bibi alizishona, akanyamaza.

"Nikishtaki, utanisemea?" binti aliuliza.

"Nitakusemea, mjukuu wangu."

Kamati ya nidhamu ya hospitali ikamwita Bibi atoe ushahidi. Mkataba wake huandikwa upya kila miezi sita, na daktari yule ni mmoja wa wanaouidhinisha. Nyumbani wajukuu wanne wanamtazama yeye. Alipoonyeshwa sare, akasema macho yake yana ukungu, siku hizi hushona kwa kupapasa. Daktari akasema vifungo vililegea kwa kufuliwa. Binti akarudishwa kwao, bado mwaka mmoja amalize.

"Alipita hapa kuniaga," Bibi anasema, akisugua meza isiyo na doa. "'Shikamoo, Bibi.' Basi. Afadhali angenitukana, ningepata la kujibu."

Sasa mwanafunzi mwingine amemshtaki daktari yuleyule, na kamati inakaa Alhamisi. Safari hii Bibi hajaitwa. Nani amwite fundi kipofu? Anasema atakwenda tu, na kopo lake. Ndani yake mna vile vifungo vitatu alivyoachiwa na binti, kila kimoja na kipande cha kitambaa. Anataka binti yule arudi darasani. Mkataba, Mungu atajua.

Mlango unasukumwa. Ni metroni, mwenyekiti wa kamati, amebeba pazia lililochanika. Anaanza kueleza lilivyochanika, kisha anaacha. Anatazama sindano, anatazama meza isiyo na miwani.

"Bibi," anasema taratibu, "si ulituambia macho yako yana ukungu?"

Uzi umeshapita tunduni. Bibi Sindano anaishusha sindano mapajani.

"Hata siku ile, mwanangu, yalikuwa yanaona."